Dirisha la Fundi Saa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza leo. Mjukuu wangu Kasuku ameambiwa shuleni aandike kila anachokiona msimu huu wa mvua mpaka shule ifungwe. Nikamwambia mimi nitaandika kumzidi. Akacheka, akasema, "Babu, wewe unaandika kama unavyojenga. Herufi moja asubuhi, ya pili jioni, katikati unakunywa chai." Ni kweli mkono wangu mzito. Kusoma nilijifunzia ukubwani, darasa la jioni, na wote niliosoma nao niliwaacha nyuma, mwalimu mwenyewe alisema. Lakini mkono huu ulizoea mwiko. Mimi ni fundi mwashi. Nusu ya mtaa huu imesimama kwa mkono huu, basi na maneno nayo yatasimama.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, binti yangu ambaye ni mwalimu wa historia, na Kasuku, mtoto wake, aliye darasa la mwisho na anafundishwa na mama yake mwenyewe. Jina la Kasuku nimempa mimi. Ukimwambia neno asubuhi, jioni mtaa mzima unalo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya jiko. Paa sikuliezeka mimi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Drafti kwa Bucha. Kila Jumapili tunacheza, mara kwangu, mara kwake, na imekuwa hivyo tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Tunamwita Bucha kwa sababu aliuza nyama mpaka goti lilipomkatalia kusimama. Sasa yuko nyumbani na mkongojo wake, anagombana na mke wake na redio.

Nimemfunga mara zote isipokuwa moja, na hiyo moja vizibo vya soda tunavyochezea viliteleza.

Sebule yake ina dirisha dogo upande wa mawio, liko chini kuliko madirisha ya watu, na chini yake kuna ubao wa zege umetokeza ukutani kama mdomo. Mke wake huanika vikombe hapo. Bucha kila akipita hugonga goti lake bovu, na kila akigonga husema maneno yale yale. Leo kayasema tena. "Hivi ni punguani gani aliweka dirisha hapa? Ukikaa unaona viuno vya wapita njia tu. Na hili dude la zege ni la nini, la kulishia kuku?"

Mimi hunyamaza. Na mtu yeyote anayenijua atakuambia kunyamaza kwangu si kitu kidogo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mwalimu karudi amelowa na hasemi. Nikikasirika naye namwita Mwalimu, nikiwa sina neno naye namwita mwanangu, yeye anajua. Leo nilimwita Mwalimu kwa sababu alipita bila kunisalimu vizuri.

Baadaye akasema, "Baba, wameniletea Mwaka Ule."

Hapa kwetu ukisema Mwaka Ule hakuna anayeuliza mwaka gani. Ndio mwaka ambao watu waliamka wakaambiwa jirani si wa hapa, babu yake alitoka upande wa pili wa mpaka, basi aondoke. Walioondoka waliondoka, waliopigwa walipigwa, na kuna waliokufa. Kisha mvua ikanyesha, ofisi ya mtaa ikagawa nyumba zilizobaki wazi, na maisha yakaendelea. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeanguka kutoka jukwaa la kujengea, nimelazwa hospitali ya mbali, mguu umening'inizwa kwa kamba kama mbuzi wa Bucha. Niliporudi nilikuta nguo zimeanikwa kwenye kamba zilezile, ila nguo za watu wengine. Sikuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Sasa somo hilo limeingizwa kwenye mtaala, watoto wa darasa la mwisho wafundishwe. Kitabu hakijaja. Kimekuja kipande kimoja cha maelezo, anasema ukikisoma haraka unaweza kudhani ni habari ya mafuriko. Mwalimu Mkuu kamwambia, "Pita juujuu, mwalimu. Siku mbili, umemaliza, tunaenda kwenye mazao ya biashara."

"Basi pita juujuu," nikamwambia.

"Darasani nina watoto ambao babu zao waliswaga watu, na watoto ambao bibi zao waliswagwa. Wanakaa dawati moja, wanaazimana kifutio. Nipite juu ya nini?"

Nikamwambia historia ni majina ya wafalme na tarehe, aachane na watu walio hai. Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta uliopinda, anajiuliza abomoe au apake rangi tu. Akaenda kulala bila kula.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mvua kubwa. Kasuku anasema ameandika kurasa mbili. Ataandika nini cha kurasa mbili, mtoto huyu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Leo kidogo niandike vizuri, maana nimefanya kazi kubwa.

Kasuku kaja na karatasi ya manila iliyokunjwa, kubwa kama mkeka. Mama yake kawaagiza darasa lote wachore mtaa ulivyokuwa kabla ya Mwaka Ule. Nyumba kwa nyumba, nani alikaa, alifanya kazi gani. Hakuna kuandika nani alimfanya nini. Nani alikaa hapa, basi. Waende wakaulize wazee.

"Wenzangu wamenyimwa," Kasuku akasema. "Mmoja kafukuzwa na bibi yake kwa fagio. Babu, wewe unakumbuka?"

Mimi, kuniuliza kama nakumbuka. Nilimwambia aweke karatasi mezani na akae chini. Nikaanzia kisimani. Nyumba ya mshona viatu, msingi wake niliuchimba mara mbili kwa sababu udongo ulikuwa wa kuvimba. Nyumba ya wale mapacha waliokuwa wakioka mikate, tanuri nilijenga mimi. Nyumba ya mkunga. Nyumba ya yule karani mwenye vidole sita, alitaka ngazi na hakuwa na ghorofa. Kasuku alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Tulikwenda upande huu wa barabara na upande ule, na mimi sikukwama hata mahali pamoja. Nani mwingine mtaani angeweza? Wako wapi?

Tulipofika kwenye nyumba ya Bucha nikasema, "Hapo, Fundi Saa." Nikaendelea na inayofuata, maana nilikuwa nimeshashika kasi. Kasuku akachora saa ya ukutani ndani ya kile kisanduku, na mishale yake, vizuri kabisa.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Ramani imebandikwa darasani. Mwanangu kasema imejaa kuliko alivyotarajia. Kaniita baba yangu mpendwa. Nilijifanya sikusikia ili arudie.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Ilikuwa zamu ya kwangu. Nilipanga vizibo, nikaweka viti viwili pale pasipovuja. Bucha hakuja. Nikadhani mvua. Mvua haijawahi kumzuia Bucha.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Leo kaja mtoto wa Bucha, yule mwenye duka la simu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake ukichuruzika ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ingia, unanilowanishia mlango."

"Sikuja kukaa. Mwanangu karudi shuleni analia. Anasema wenzake wamemwonyesha nyumba yetu kwenye ramani, ndani kuna saa. Wanamuuliza mwenye saa yuko wapi. Wanamuuliza mlimfanya nini."

"Nani kamuuliza hivyo?"

"Watoto. Na watoto wamepewa maneno na nani? Baba yangu alipewa nyumba ile na ofisi ya mtaa, akalipia, ana hati yenye muhuri. Hakumgusa mtu. Wewe umekula chakula chake kila Jumapili, mzee, leo unamchora mwizi?"

Nikamwambia mimi sikuchora, nilisema tu nani alikaa pale. Akasema kwake yote ni mamoja. Akasema wazazi wamekubaliana, watakwenda ofisi ya elimu, na huyo binti yangu atahamishwa akafundishie huko mwisho wa barabara, ambako wanafunzi ni nyani.

Alipoondoka ndipo nilipoelewa. Nilimpa Bucha jeraha na sikujua nimeshika kisu. Nilikuwa najisifu tu.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Mwanangu nimemwambia. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema, "Baba, hukukosea. Mimi ndiye niliyesema waulize." Alivyosema ilikuwa kama mtu anayebeba gunia la pili wakati la kwanza bado liko mgongoni. Ningependa angefoka.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Hakuna drafti.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mvua. Sasa hata kitandani kwangu panavuja. Watu wawili wamenipita barabarani bila salamu, mmoja nilimjengea choo.

Namwangalia huyu binti yangu. Nilikuwa nafikiri anafundisha kwa ubishi tu, ubishi wa watu waliosoma. Sasa namwona kila asubuhi anavaa viatu vilivyolowa jana, anaenda. Jana wazazi wengine waliwazuia watoto nyumbani, akafundisha nusu ya darasa. Leo robo. Kasuku anasema mama yake hapandishi sauti. Anawauliza: huyu mkunga, wanawake aliowazalisha walikaa wapi? Upande huu na upande ule, kwa walioondoka na kwa waliobaki. Basi. Anawaacha wakae na hilo. Akiulizwa nani alikuwa mbaya anasema, "Kwanza tujue nani alikuwepo."

Mimi nilipokuwa najenga niliwaambia vibarua maneno kama hayo. Kwanza tujue ardhi. Sikumwambia, atajiona.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Mwalimu Mkuu kaja wakati binti yangu yuko sokoni. Ni mtu mpole, jasho linamtoka hata kwenye baridi. Kaleta sukari.

"Mzee wangu," akasema, "Jumatano kuna mkutano shuleni. Wazazi watakuwepo, na mkaguzi kutoka ofisi ya elimu. Wakishikilia, binti yako atahamishwa kabla ya mwezi kwisha, na mjukuu ataondoka na mama yake. Utabaki na nani hapa? Na hilo paa?"

Nikasogeza sufuria pale panapovuja.

"Kuna njia. Wewe umekula chumvi nyingi. Ukisimama ukasema, jamani, mimi ni mzee, kumbukumbu imenipotea, pengine nilichanganya nyumba, basi ramani ni makosa ya mzee na si kosa la mwalimu. Tunaishusha, tunaomba radhi, tunakwenda kwenye mazao ya biashara. Kila mtu anarudi kwake."

Niseme mimi nimesahau. Mimi. Nikamuuliza kama anataka nivue na suruali mbele ya watu. Akapangusa jasho, akasema, "Ni kwa ajili yake, mzee."

Nimekubali. Mwanangu simwambii.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Nimefanya mazoezi peke yangu. "Sikumbuki vizuri." Mdomo unakataa, kama jino lililolegea.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Nimeandika haya kwa siku mbili, mkono ukichoka naacha.

Mkutano ulifanyika darasani kwake. Watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu, wanene wakakaa upande. Mvua ilipiga mabati mpaka kila asemaye alipaza sauti, hata anayesema kwa adabu akaonekana anagomba. Ramani ilikuwa ukutani nyuma ya mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye mafua, na kila alipogeuka kuitazama alipiga chafya. Mwanangu alisimama pembeni ya ubao, mikono nyuma, kama aliyeitwa kuadhibiwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Bucha na mkongojo wake. Hakuniangalia.

Asubuhi mwanangu alikuwa ameniambia, "Baba, ukija, kaa tu. Usiseme chochote." Nikaitikia. Kila mtu siku hiyo alikuwa na maneno ya kunipa.

Mwenye duka la simu akasema aliyoyasema kwangu, ila marefu zaidi. Wengine wakamwitikia. Bibi mmoja akasema yeye hapendi wala hachukii, anachotaka ni wajukuu wafaulu. Mkaguzi akapenga kamasi, akauliza, "Habari za nyumba hii yenye saa alizitoa nani?"

"Mimi," nikasema.

Mwalimu Mkuu akarukia hapo hapo. "Mheshimiwa, mzee wetu umri umekwenda. Mzee wangu, unakumbuka kweli, au pengine ulichanganya?"

Nikasimama. Dawati likasimama nami, nikalitoa. Nikasema, "Mimi ni mzee. Sikumbuki vizuri."

Mwanangu akageuza uso akanitazama. Nimemwona huyu mtoto akizaliwa, akiugua, akizika mume. Uso ule sijapata kuuona. Alikuwa anaelewa, na kule kuelewa kulimchosha kuliko kesi yenyewe.

Pale ingeisha. Mkaguzi alishachukua kalamu. Lakini yule wa duka la simu hakutosheka, akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Na tangu nizaliwe namsikia mzee huyu akipiga domo kwamba nusu ya mtaa kajenga yeye. Nyumba yetu, labda hata tofali hakuigusa. Na kama kaigusa, fundi gani mwenye akili anaweka dirisha kwenye magoti?"

Watu wakacheka. Hata mkaguzi alitabasamu kidogo.

Naapa nilitaka kukaa. Nilimwona mwanangu, nilimwona Kasuku amechungulia dirishani kutoka barazani, nikawaza paa, nikawaza nyumba isiyo na mtu. Miguu ikakataa.

"Dirisha lile haliko kwenye magoti," nikasema. "Liko kwenye viwiko."

Mwalimu Mkuu akasema, "Mzee, asante, tumekuelewa."

"Hamjaelewa. Nimejenga nyumba ile kuanzia msingi, na dirisha lile nililipima kuliko dirisha lolote nililowahi kuweka. Mtu huyu alitengeneza saa. Alitaka mwanga wa asubuhi, uingie chini, umwangukie mikononi, usimpige machoni. Akaniambia, fundi, mkono ukitikisika saa imekufa. Nikamkalisha juu ya debe katikati ya uwanja, ukuta bado haujapanda, nikampima kamba kutoka chini mpaka kwenye viwiko. Ndipo nikamwaga ule ubao wa zege. Ni wa kuegemeza viwiko. Nikausugua kwa jiwe mpaka ukawa laini ili usimchubue. Mtaa huu hauna dirisha lingine kama lile kwa sababu haukuwa na fundi saa mwingine. Na ukuta wake haujapata ufa mpaka leo. Kamuulize baba yako kama una ufa."

Hakuna aliyecheka. Ilibaki mvua.

Kisha nyuma kule nikasikia mkongojo ukigonga sakafu. Bucha alikuwa anainuka, polepole, kama anavyoinuka kila Jumapili akishafungwa.

"Viwiko," akasema.

Mwanawe akasema, "Baba, kaa."

"Kaa wewe." Akatazama ramani, siyo mimi. "Tangu niingie nyumba ile nagonga goti pale. Nimetukana aliyejenga, nimetukana na aliyekuwa akikaa, nikidhani alikuwa mtu mfupi. Mke wangu anaanika vikombe." Akaushika vizuri mkongojo. "Ufa hauna."

Mkaguzi akamwambia, "Mzee, nyumba ni yako, malalamiko ni juu ya nyumba yako. Je, wewe unamlalamikia mwalimu?"

"Mimi nalalamikia goti. Na huyu kijana wangu aliyenisemea bila kuniuliza." Sasa akamgeukia binti yangu, na sauti ikawa kali. "Lakini sitoki. Nimezeekea pale, mwalimu, usikie. Sitoki kwa sababu ya karatasi."

Mwanangu alikuwa hajasema neno mkutano mzima. "Nani kakuambia utoke, baba?" akasema. "Mimi nafundisha nani alikaa wapi. Nani akae wapi kesho si somo langu."

Bucha akamtazama, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Akatoka na mvua yote ile.

Njiani mwanangu alitembea mbele yangu kwenye matope. Nikasubiri anikemee. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Ulikuwa umekubali kujiita punguani kwa ajili yangu."

"Nilikuwa."

"Na ukashindwa."

"Walisema dirisha langu baya."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Nilipomfikia alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yote mawili kwa pamoja, na kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Nikainama nikamvutia. Mgongo unaniuma mpaka sasa.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Nilipanga vizibo. Hakuja.

Alhamisi, tarehe 17 Aprili

Mkaguzi kaleta jibu. Malalamiko yasiyo na mlalamikaji hayaendi popote, kwa hiyo mwanangu habanduki. Ramani isishushwe wala isiongezwe. Mwalimu Mkuu kamwambia somo liishe wiki ijayo, na safari hii hakusema juujuu. Watoto wamerudi, si wote. Mjukuu wa Bucha karudi, anakaa dawati la mbele na hasemi.

Nilidhani mwanangu atafurahi. Nilimkuta amelala mezani juu ya madaftari, shavu kwenye wino mwekundu. Alikuwa analala kama tulivyokuwa tunalala siku ya kumwaga zege. Nikamwondolea miwani.

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Hakuna drafti. Nimecheza peke yangu, upande mmoja nikafungwa.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Somo limeisha leo. Nikamuuliza watoto walisema nini. Akasema, "Wameuliza kama wanaweza kuchora tena, nyumba zilivyo sasa, wabandike pembeni ya ile ya zamani. Nimewaambia Mkaguzi amesema isiongezwe. Mmoja akasema, basi tuibandike ukuta ule mwingine." Akavua viatu. "Nimechoka, baba. Mwaka kesho nitaanza upya na wengine."

"Mimi nitakuwepo," nikasema.

"Ndicho ninachokiogopa."

Jumatano, tarehe 30 Aprili

Mvua imekatika tangu juzi. Matope yanakauka kwa juu.

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Shule ilifungwa jana. Kasuku kalinganisha madaftari. Kanizidi kurasa, lakini zake nyingi ni mvua na chakula. Nimemwambia hivyo, kanuna.

Asubuhi mke wa Bucha kanipigia hodi. "Mwenzako anakuita," akasema. "Sijui ana nini. Kahamisha vyombo vyangu vyote."

Nilikwenda. Sebuleni vikombe havikuwepo pale dirishani. Ubao wa zege ulikuwa mtupu, umefutwa, na juu yake Bucha alikuwa ameweka drafti, vizibo vimepangwa tayari. Viti viwili. Jua lilikuwa linaingia kwa chini, likaangukia mikono yake na kumwacha uso kivulini, kama lilivyopaswa.

"Mwanga mzuri hapa," akasema.

"Ulitaka uwe mbaya? Nani aliuweka?"

"Anza kucheza, maneno mengi."

Tukacheza. Viwiko vyake vilikuwa juu ya zege, wala haonekani kujua. Nilimfunga ya kwanza. Ya pili alikaa na kizibo mkononi muda mrefu, hakisogezi.

"Fundi Saa alikuwa akikaa upande huu?" akauliza.

"Upande wako. Mkono wake wa kulia ukutani."

Akasogeza kiti kidogo, karibu na ukuta. "Alikuwa na watoto?"

"Wasichana. Mmoja alikuwa akilia saa zikigonga zote kwa pamoja."

"Walifika wapi?"

"Sijui."

Akakirudisha kizibo mahali pake. Mke wake jikoni akaacha kuosha alichokuwa anaosha.

"Kwenye ile ramani yenu kuna saa tu," Bucha akasema. "Mjukuu wangu kaniuliza jina la mtu mwenyewe. Nimekaa nyumba ya mtu miaka yote hii, na sina la kumjibu mtoto."

Nikamwambia jina, la kwake na la baba yake. Akalirudia polepole, mara ya kwanza akakosea, nikamrekebisha. Mara ya pili akalisema sawasawa. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa uani aje ndani alisikie.